Anza na sura ya sita: kuchagua kitabu cha mazungumzo ya Kiingereza kwa wanachuo

Vitabu vya mazungumzo ya Kiingereza huvutia kwa sura ya kwanza. Picha zimepangwa vizuri, watu wanasalimiana na kutajana majina, maelekezo ni mafupi, na kila zoezi linaonekana kufundishika. Mhadhiri aliyeletewa sampuli tatu na kuambiwa achague moja kabla ya kikao cha idara hutazama jalada, hupitia sura hiyo, huuliza bei, basi. Matatizo hujitokeza wiki ya tano au ya sita, wakati wanafunzi wameshanunua nakala zao na dukani hazirudi. Kwa hiyo ukiletewa kitabu, kifungue katikati. Sura ya sita au ya saba ndiyo inayoonyesha mwandishi alikuwa na nini cha kufundisha baada ya salamu kwisha.

Lakini kwanza tuelewane tunamtafutia nani. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza Tanzania aliyepitia shule ya msingi ya serikali alisoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza. Anapofika chuo kikuu ana miaka 6 ya kunakili notsi, kusoma na kujibu mitihani kwa lugha hiyo. Neno "photosynthesis" analo. Kugeuza sentensi kuwa "passive voice" anaweza. Mwenzake akimuuliza kwa Kiingereza kwa nini jana alichelewa, anatulia, anatafsiri kichwani, anatoa sentensi moja iliyonyooka, kisha kimya. Sarufi anayo ya kutosha kuanzia. Alichokosa ni saa za kuongea. Kitabu chenye kurasa nyingi za sarufi kitamrudisha kwenye kile anachokijua, naye atakipenda kwa sababu hiyohiyo, na mwisho wa muhula atakuwa palepale.

Neno "intermediate" (kiwango cha kati) kwenye jalada halitoshi kukuongoza. Mfumo wa viwango vya lugha uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 una ngazi 6, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, na mwanafunzi tunayemzungumzia mara nyingi yuko karibu na B1: anaweza kusimulia tukio, kueleza mpango wake na kutoa sababu fupi, ilimradi mada aijue. Wachapishaji hawalingani. Kitabu kimoja chenye neno hilo kinaanzia mwisho wa A2, kingine kinakimbilia B2. Pima darasa lenyewe wiki ya kwanza. Waite wanafunzi wawiliwawili, dakika 4 kila jozi: dakika 1 ya kujitambulisha, dakika 1 kwa kila mmoja kusimulia safari yake ya kuja chuoni, na dakika 1 ya kuamua pamoja jambo dogo, tuseme mgeni apelekwe wapi Jumamosi. Sikiliza kama wanaunganisha sentensi, kama mmoja anamuuliza mwenzake bila kusukumwa, na kama neno likikosekana wanalizunguka kwa maneno mengine au wananyamaza. Jozi 10 zilizookotwa bila kuchagua ni dakika 40, na zinatosha. Ikiwa wengi wanashindwa kujaza dakika moja ya safari, chukua kitabu cha ngazi ya chini ya ile uliyoikusudia, bila aibu.

Kuna kipimo kingine cha karatasi. Chagua katika ile sura ya sita mazungumzo yenye maneno 100, toa nakala, waambie wanafunzi wapigie mstari kila neno wasilolijua. Watafiti wa msamiati, Paul Nation akiwa miongoni mwao, huzungumzia kujua asilimia 95 hadi 98 ya maneno ili mtu aelewe bila msaada. Kwa kitabu cha kusoma, 95 inavumilika. Kwa kitabu cha kuongea simama kwenye 98, maana yake maneno mageni yasizidi 2 kwa kila 100. Walimu wengi huona kitabu chepesi kama hicho ni cha watoto. Sivyo. Mtu anayeongea ana kazi ya kufikiri, kusikiliza, kutamka na kuwahi zamu yake kwa wakati mmoja. Ukimwongezea msamiati mgeni, jambo la kwanza kuporomoka ni kuongea kwenyewe.

Sasa chukua penseli. Katika sura uliyofungua weka alama pembeni ya kila zoezi: herufi K pale mwanafunzi anaposikiliza, J anapojaza nafasi zilizo wazi, S anaposoma au kurudia maneno yaliyokwisha andikwa, na M anaposema maneno yake mwenyewe. Kisha kadiria dakika za kila zoezi darasani, ukijumlisha muda wa kueleza na kupanga viti. M isipofikia nusu ya dakika zote, hicho ni kitabu cha kiada cha kawaida kilichopewa jina la mazungumzo. Angalia pia M zimekaa wapi. Zikiwa mwisho wa sura tu, zitarukwa kila wiki, kwa sababu kipindi huisha kabla hazijafikiwa.

Nusu hiyo ina sababu, na hesabu yake ni rahisi. Chukua kundi la semina la wanafunzi 36 na dakika 30 za kuongea. Mwalimu akiuliza na wanafunzi wakijibu mmojammoja, huku yeye akichukua nusu ya muda, zinabaki dakika 15 za watu 36: sekunde 25 kwa kila mtu. Ukiwagawa vikundi vya wanne, kila mmoja anapata dakika 7 na nusu. Ukiwagawa jozi, dakika 15. Kwa hiyo uliza kila zoezi linahitaji watu wangapi. "Discuss with your class" chini ya picha ni sekunde 25 zilezile.

Zoezi la jozi linalofanya kazi ni lile ambalo A anajua kitu asichokijua B. A ana ratiba ya mabasi yenye saa za kuondoka, B ana nauli na vituo, na bila kuulizana hakuna atakayepanga safari. Vitabu vizuri huweka ukurasa wa A mbele na wa B nyuma kabisa. Hapa ndipo darasa letu huvuruga mpango: wanafunzi watatu wanatumia nakala moja, kurasa zote mbili ziko mezani, kila mtu anaona kila kitu, na zoezi linageuka kuwa la kusoma. Kabla ya kuamua, hesabu nakala zitakazokuwepo kweli chumbani. Zikiwa pungufu, kitabu kinachofaa ni kile ambacho mchapishaji ameruhusu kadi zake zitolewe nakala. Ruhusa hiyo huandikwa chini ya ukurasa wenyewe. Kwa wanafunzi 36 unahitaji seti 18, zilizobandikwa kwenye karatasi ngumu zidumu mihula mitatu au minne. Kupeleka kitabu kizima steshenari kikadurufiwe ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo kwa ajili hiyo.

Baada ya penseli, soma mazungumzo kwa sauti, ikiwezekana na mwenzako. Katika vitabu dhaifu kila mtu huongea kwa sentensi kamili, humsubiri mwenzake amalize, huelewa kila kitu mara moja. "Excuse me, where is the library?" "The library is next to the administration block." "Thank you very much." Hakuna aliyesita, hakuna aliyesema "sorry?", hakuna aliyebadili mada. Mwaka 1974 watafiti wa mazungumzo Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walionyesha jinsi watu wanavyopeana zamu katika mazungumzo ya kawaida karibu bila mwanya na bila kugongana kwa muda mrefu. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 ulikuta pengo kati ya swali na jibu linazunguka karibu na sehemu mbili za kumi za sekunde. Mwanafunzi anayehitaji sekunde 3 za kutafsiri kichwani ameshapoteza zamu kabla hajafungua mdomo, hata kama sentensi yake ingekuwa sahihi kuliko zote.

Anachohitaji ni maneno ya kushikilia zamu huku akitafuta la kusema: "well", "let me think", "what I mean is". Anahitaji ya kuomba arudiwe bila kusema "repeat" kama mwalimu, ya kuingilia kwa adabu, ya kukataa hoja polepole, na ya kuonyesha anafuatilia: "really?", "right", "oh no". Kitabu kizuri hufundisha maneno haya kwa utaratibu, machache kila sura, kisha kinayarudisha. Angalia faharasa au orodha ya yaliyomo: kama kila sura imetajwa kwa jina la sarufi tu na hakuna safu ya namna ya kuendesha maongezi, kirudishe.

Kinachofuata ndicho kinachosahauliwa zaidi, kwa sababu vitabu vingi huandikwa kwa ajili ya soko la dunia nzima na hakuna anayemfikiria msemaji wa Kiswahili. Sisi tunaingia kwenye Kiingereza na adabu zetu, ambazo ni nyingi na nzuri, ila hazihami zilivyo. Mtu akibeba mzigo tunamwambia "pole", na mwanafunzi husema "sorry". Mwingereza atajiuliza huyu kanikosea nini. Rafiki asiyeonekana siku nyingi huambiwa "umepotea!", nayo hutoka kama "you are lost!" "Mimi naona" huzaa "me I think". "Si ndiyo?" huzaa "isn't it?" mwishoni mwa kila sentensi, hata iliyoanza na "they have". "Nipatie" katika Kiswahili, kwa sauti ya upole, ni ombi. "Give me" ni amri. Na kwa kuwa kiambishi a- hakibagui mume na mke, hata mwanafunzi hodari husema "my mother, he called me" akiongea kwa kasi, ingawa kwenye karatasi hakosei.

Zito kuliko yote ni jibu la swali la kukanusha. "Hukuja jana?" "Ndiyo, sikuja." Kwetu "ndiyo" inakubaliana na kauli ya muulizaji. Kwa Kiingereza jibu ni "No, I didn't", kwa sababu "yes" na "no" hufuata ukweli wa tendo. Mwanafunzi anayejibu "yes" tu katika usaili wa kazi, alipoulizwa "You haven't worked before?", ameeleweka kinyume na wala hatajua. Tafuta kama kitabu kina hata nusu ukurasa wa jambo hili. Vichache vinalo. Kisipokuwa nalo, usikikatae kwa hilo peke yake. Tenga dakika 15 uandike zoezi lako.

Kurasa za matamshi nazo zipimwe kwa mizani hiyohiyo. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo maana "hat", "hut", "heart" na "hurt" hukusanyika kwenye "a" moja, na "ship" na "sheep" kwenye "i" moja. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo "comfortable" huvutwa kuelekea mwisho wakati Kiingereza kinaugonga mwanzoni. Na silabi zetu hupenda kuishia na irabu: tazama tulivyofanya "shirt" kuwa shati na "bank" kuwa benki. Haya matatu, irabu, mkazo na konsonanti za mwisho, ndiyo yanayohitaji kurasa. Kwa kulinganisha, kitabu kinachotumia kurasa 4 kutofautisha "b" na "v", au "sh" na "ch", kiliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Sauti hizo tunazo tangu utotoni. Za "th" ziko katikati. Thelathini na dhahabu zinatufundisha zote mbili, ingawa wapo wanaotamka "samani" wakikusudia thamani, na hao wana kazi ya ziada.

Kuhusu mada, kuna ushauri uliozoeleka kwamba kitabu kiwe na mambo ya nyumbani: bodaboda, soko, pesa za kwenye simu. Ni kweli kwamba sura nzima ya kuteleza kwenye theluji au ya mkopo wa nyumba Uingereza itamwacha mwanafunzi bila la kusema. Hata hivyo, umbo la swali lina uzito kuliko mada. "Discuss the importance of education" ni mada ya nyumbani kabisa, na inaua maongezi ndani ya dakika mbili kwa sababu wote wanakubaliana. Linganisha na hili: chama cha wanafunzi kina shilingi milioni 2, maombi ni matano, fedha zinatosha mawili, kundi liamue na litaje sababu ya kila lililokataliwa. Hapo kuna uhaba, kuna kutofautiana, kuna kikomo, na kuna jibu la kuripoti. Hesabu katika kitabu maswali ya aina ya pili. Zoezi lenye uamuzi kuhusu mji wa ng'ambo ni rahisi kulihamishia Morogoro. Insha ya faida na hasara hata ukiihamisha inabaki insha.

Muda wa muhula ndio unaoamua unene wa kitabu. Wiki 14 zenye saa 3 ni saa 42. Ondoa wiki ya kwanza ya upimaji na wiki moja ya mtihani wa kuongea, zinabaki 36. Sura moja ya kitabu cha aina hii ikifundishwa kwa haki, pamoja na kuongea, hula saa 5 hadi 6. Maana yake utafundisha sura 6, labda 7. Kitabu cha sura 14 kitamlipisha mwanafunzi nusu asiyoigusa, au kitamfanya mwalimu akimbie, na anayekimbia huruka M kwanza. Baadhi ya wachapishaji huuza kitabu kilekile kikiwa kimegawanywa nusu mbili, A na B. Uliza kabla ya kuagiza.

Kukimbia huko pia kunaondoa kitu kisichoonekana kwenye jalada, nacho ni kurudia. Mwaka 1983 Keith Maurice, mwalimu wa lugha, alieleza zoezi la 4/3/2: mwanafunzi anasimulia jambo kwa dakika 4, anabadilisha msikilizaji na kusimulia lilelile kwa dakika 3, kisha msikilizaji wa tatu kwa dakika 2. Kila mara maneno yanatoka kwa urahisi zaidi. Kitabu kinachoagiza "badilisha mwenzako, fanya tena" kinajua kazi yake. Kinachotoa zoezi jipya kila dakika 10 kinawafurahisha wasomaji wa sampuli.

Sauti za kusikiliza ziangalie haraka lakini usiziruke. CD haina pa kuchezwa. Rekodi za mtandaoni zinahitaji bando, na namba ya siri ya kufungulia mara nyingi hutumika mara moja, kwa hiyo nakala ya mtumba inakuwa kitabu kisicho na sauti. Hakikisha rekodi zinapakuliwa na kuwekwa kwenye flashi, na kwamba maandishi yake yako nyuma ya kitabu ili umeme ukikatika usome mwenyewe. Cheza moja ukiwa umekaa safu ya nyuma, madirisha wazi.

Na mtihani. Kozi ikiisha kwa karatasi ya saa 2, wanafunzi wataomba sarufi kuanzia wiki ya tatu na watakuwa na haki. Mtihani wa kuongea unawezekana: jozi 18 kwa dakika 8 kila moja ni dakika 144, yaani saa 2 na dakika 24. Zinaingia katika saa 3 za wiki moja. Kitabu kikija na jedwali la kutolea alama za kuongea, lenye vigezo visivyozidi vinne, ni faida kubwa.

Ukibaki na vitabu viwili, vijaribu. Fundisha saa moja kwa kila kimoja kwa kundi lilelile, weka simu katikati ya meza ya wanafunzi wanne kwa ridhaa yao, rekodi dakika 10. Baadaye hesabu zamu za kila mmoja na zamu zenye maneno zaidi ya matano. Kisha sikiliza ni wapi wanahamia Kiswahili. Kwa kawaida hawahami kwa sababu mada imewashinda. Wanahama ili kuliendesha zoezi lenyewe: "zamu ya nani?", "hebu ngoja", "tumefika namba ngapi?", "wewe ni A au B?", "tuanze na lipi?" Kitabu chenye maneno hayo kwa Kiingereza juu ya ukurasa uleule wa zoezi ndicho cha kuagiza. Visipokuwa nayo vyote viwili, chukua chenye M nyingi, andika maneno 10 ya namna hiyo ubaoni kabla ya kila zoezi, na usianze kuyafuta hadi wiki ya nne.